Kwa daktari uliyembadilishia mama goti

Daktari, jina lako silitaji, ila utajijua. Kwa miaka sita mama alishuka matatu kwa kushikwa mikono yote miwili. Wengine walimwambia ni uzee tu. Wewe ulivuta kiti, ukamchorea goti kwenye karatasi: gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika, mfupa unasaga mfupa, utakata ncha zilizoharibika, uzivike chuma, katikati uweke plastiki ngumu. Akakuuliza kama atapiga magoti kanisani. Hukumdanganya, ulimwambia huenda likamsumbua. Siku iliyofuata upasuaji alisimama kwa fremu ya kutembelea, sisi tukilia! Jumamosi ametembea mwenyewe hadi soko la Kangemi, akarudi na sukuma wiki. Karatasi yako iko ndani ya Biblia yake. Asante sana, daktari. Mungu akuzidishie.