Kuh: Kalipa za Breki Zilizofungwa Upande Usio Wake, Oili Isiyo Niliyolipia, na Ulimi wa Meneja Wenu wa Gereji

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Nairobi.

Bwana Meneja,

Salamu. Nimeipokea barua pepe ya ofisi yako inayosema kwamba "uchunguzi umekamilika" na kwamba breki za Subaru yangu, mlizoniuzia na kunifungia ninyi, zilishindwa uwanjani kwa sababu ya "mtindo wa uendeshaji wa mteja". Nashukuru kwa kujibiwa, ingawa nilijibiwa baada ya kupiga simu hadi mhudumu wenu akaanza kuitambua sauti yangu. Ila nina swali moja: uchunguzi huo ulifanyiwa gari gani? Langu liko uani kwangu, limekaa juu ya stendi, magurudumu ya mbele yametolewa, na hakuna fundi wenu aliyewahi kupiga hodi kwenye lango langu.

Masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo siyanukuu. Nakwenda moja kwa moja kwenye kosa.

Kalipa za mbele mlizoniuzia, yaani zile bano zinazokandamiza pedi kwenye diski ya gurudumu, zina pistoni sita kila moja, na kila kalipa ina upande wake. Pistoni hizo hazilingani: ndogo hukaa pale diski inapoingilia, kubwa pale inapotokea, ili pedi isilike mshazari. Kwa sababu hiyo kiwandani zimechorwa L ya kushoto na R ya kulia, herufi kubwa ambazo hata mtoto wa chekechea angezitofautisha. Fundi wenu aliichukua ya kulia akaifunga kushoto, ya kushoto akaifunga kulia. Sasa skrubu za kutolea upepo ulionaswa ndani ya oili ya breki, ambazo kwenye kalipa hizi ziko upande mmoja tu na zinapaswa kukaa juu, zimetazama chini. Hewa ndani ya oili hupanda juu, Bwana Meneja. Fungua skrubu iliyo chini kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi, utamwaga oili tu, na ile hewa itabaki imejibanza juu ya kalipa ikikusubiri.

Na ilinisubiri. Lakini kabla ya hilo, niseme lililonifanya nikose usingizi, maana si hewa.

Nilipoliburuta gari kwenu juu ya lori la kubebea magari, nikiwa bado nimevaa suti ya mbio yenye vumbi la Athi River, nilimkuta meneja wenu wa gereji pale kaunta. Wateja wengine walikuwepo. Mpwa wangu alikuwa pembeni yangu ameshika helmeti yangu. Nikaeleza kwa utaratibu: pedali imekwenda mpaka sakafuni mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, naomba mlitazame gari sasa hivi mbele yangu. Meneja wenu hakunitazama. Alimgeukia mpwa wangu, kijana ambaye hata leseni hana, akamwambia: "Kijana, mwelezee mama kwamba breki za mbio si za kwendea sokoni." Mafundi wakacheka. Mteja mmoja akacheka. Kisha akasukuma ufunguo wangu juu ya kaunta, ukateleza ukaanguka chini, na hakuna aliyeinama kuuokota.

Nimekuwa nikiendesha kwenye siku za mbio za Whistling Morans, uwanja wa Athi River, tangu meneja huyo, kwa umri wake, alipokuwa akichapwa kwa kutofanya kazi ya ziada ya hesabu. Najua breki ikichoka inavyosema na mguu. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu lakini gari halisimami. Unakanyaga kama unakanyaga jiwe. Oili ikichemka, au kukiwa na hewa kwenye mfumo, pedali yenyewe hulegea na kuzama, kwa sababu mvuke na hewa hubanwa, oili haibanwi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Niliyapambanua pale kaunta, na hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Nirudi nyuma kidogo, siku mliponifungia breki hizo. Nilipolichukua gari, pedali ilikuwa inashuka sehemu kabla ya kushika. Nikamuuliza fundi. Akaniambia ni pedi mpya, zitajizoesha na diski. Jibu hilo linasikika vizuri, na pedi mpya kweli hutaka kuzoeshwa: unapunguza mwendo kwa nguvu mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha unaziacha zipoe, mpaka tabaka la pedi lijipake sawasawa juu ya diski. Nilifanya hivyo asubuhi na mapema kabla ya barabara kujaa. Pedali haikubadilika. Nikapiga simu. Nikaambiwa, na rekodi ya simu mnayo kwa sababu mashine yenu husema "simu hii inarekodiwa kwa ajili ya ubora", kwamba niende uwanjani bila wasiwasi. Ubora upi?

Sasa oili. Risiti yenu inanitoza shilingi 9,600 kwa oili ya breki ya mbio, ile inayostahimili zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Kadi ya kazi mliyonipa siku hiyohiyo, kwa mwandiko wa fundi wenu mwenyewe, inasema: "DOT 3, lita 1." Nimezibandika pamoja kwenye kiambatisho cha kwanza, risiti juu, kadi chini, ili mzione kwa jicho moja. DOT ni daraja la oili ya breki: kiwango cha chini cha kuchemka cha DOT 3 ikiwa mpya kabisa ni nyuzi 205, na ikishanyonya unyevu kinashuka hadi 140. DOT 4 ya kawaida, inayouzwa kwenye kila kituo cha mafuta, ni 230 ikiwa mpya. Kwa maneno mengine mlinitoza bei ya juu kabisa kwenye rafu, kisha mkanitilia oili iliyo chini hata ya ile ambayo mwenye gari la kupeleka watoto shule angenunua kwa mia kadhaa.

Tena diski. Zile za milimita 355 zina mapezi ya ndani yaliyopinda kwa makusudi, ili gurudumu likizunguka yavute hewa kutoka katikati na kuitupa nje. Nazo zina kushoto na kulia. Nazo zimebadilishwa. Kwa hiyo joto halikutoka lilivyopaswa, likaingia kwenye oili isiyostahimili joto, ndani ya kalipa zenye hewa ambayo haikuwa na pa kutokea. Sijui kama fundi angekusudia kuniua angefanya kazi iliyokamilika zaidi ya hiyo.

Meneja wenu aliniambia, au tuseme alimwambia mpwa wangu, kwamba "mwendo kidogo zaidi haubadilishi kitu". Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Gari likiwa kwenye kilomita 160 kwa saa lina nishati mara nne ya lile la 80, na sehemu yake kubwa hugeuzwa joto na breki kabla ya kona, mzunguko baada ya mzunguko. Somo hilo hufundishwa shule ya upili. Kwa ajili ya hesabu hiyo watu wa siku za mbio hubadilisha breki kabla ya kugusa injini, na kwa ajili ya hesabu hiyo nilileta pesa zangu kwenu na si kwenye turbo.

Mizunguko ya mwanzo ilikwenda vizuri, nikaanza kuwaamini. Kisha, mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, nikakanyaga na mguu ukaenda mpaka chini, hakuna kitu. Nikapiga pedali haraka haraka, ikarudi nusu, ikazama tena. Nikateremsha gia mbili, injini ikalia, nikavuta breki ya mkono kwa uangalifu ili nyuma isinitoke, gari likaruka lami likaingia kwenye majani na kusimama lenyewe. Wasimamizi walikuja mbio. Hakuna aliyeumia, gari halikugonga kitu. Hilo halitokani na kazi yenu. Na mnajua, kama ninavyojua, kwamba bima zetu za kawaida hazilipi ajali ya uwanja wa mbio. Ningekuwa nimelibeba gari langu vipandevipande kwa pesa zangu, kama ningekuwa na mikono ya kulibebea.

Baadaye nilimwita nyumbani fundi mmoja wa Barabara ya Kirinyaga, anayefanyia kazi chini ya mwavuli. Hana kaunta, hana mashine ya kahawa, hana mhudumu wa simu. Alichuchumaa mbele ya gurudumu, akawasha tochi ya simu, na kabla hajagusa spana akauliza: "Mama, nani alifunga hii?" Sikumruhusu afungue kitu. Picha zote ziko kwenye kiambatisho cha pili, herufi L ikiwa upande wa kulia wa gari, wazi kabisa.

Ndiyo nikarudi kwenu kwa mara nyingine na picha, na ndiyo nikaambiwa niandike barua pepe, na ndiyo nikajibiwa "mtindo wa uendeshaji".

Bwana Meneja, naomba nirudie ile siku ya kaunta, kwa sababu pale juu niliipunguza kwa heshima. Nilisema meneja wenu alimwambia mpwa wangu anielezee habari za sokoni. Sikusema kilichotangulia. Kabla ya maneno hayo, nilipokuwa katikati ya sentensi, aliinua mkono kuninyamazisha, akauliza: "Mzee wa nyumbani yuko wapi? Aje tuongee, haya mambo ni ya wanaume." Mpwa wangu akamjibu kwa adabu, "Huyu shangazi ndiye mwenye gari." Akacheka. Akasema, "Logibuku ni karatasi tu," yaani hati ya umiliki wa gari. Hapo ndipo akatoa lile la sokoni, hapo ndipo mafundi wakacheka, na hapo ndipo ufunguo wa gari lenye jina langu, lililofungwa breki kwa pesa zangu, ukasukumwa mpaka sakafuni. Niliuokota mwenyewe. Nilikuwa bado natetemeka mikono kutoka uwanjani, na nikainama mbele ya watu wote wale kuokota ufunguo wangu chini ya kaunta yenu, huku mtu ambaye kazi yake nusura initie kaburini akiendelea kucheka juu ya kichwa changu.

Kuna kamera juu ya kaunta hiyo. Nataka picha zake zihifadhiwe. Mkiniambia zimefutika, nitajua la kufikiri.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai ufundi wa shilingi 18,000, oili, na lori la kubebea gari 14,000, kisha mzifunge upya kalipa zangu zinavyopaswa. Nimebadili nia. Sitaki fundi wenu yeyote aguse gari hili tena. Nataka mrudishe pesa zote: 385,000 za seti nzima ya breki, ufundi, oili na usafirishaji, jumla shilingi 426,600. Mtakuja kuzichukua kalipa na diski zenu hapa kwangu, kwa gharama yenu, mbele ya shahidi. Nataka pia barua ya radhi iliyotiwa sahihi na meneja wa gereji na wewe mwenyewe, si ya kunakili. Na radhi hiyo asome mwenyewe pale kaunta, wakati wa kazi, wateja wakiwepo, kwa sababu alinitukana wateja wakiwepo. Mpwa wangu naye atakuwepo. Safari hii asiambiwe yeye, niambiwe mimi.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya kupokea barua hii. Baada ya hapo nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sihitaji wakili, na sheria inataka shauri limalizwe ndani ya siku 60. Nitakuwa na Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachonipa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, risiti yenu, kadi yenu ya kazi na herufi mbili zilizochorwa na mtengenezaji. Huko nitaongeza fidia ya kudhalilishwa, na kiasi chake sitakitaja leo. Nakala ya malalamiko itakwenda Mamlaka ya Ushindani, inayoshughulikia pia malalamiko ya watumiaji. Nyingine itakwenda kwa wenzangu wa siku za mbio, ambao wengi wamefungiwa breki kwenu, na ambao kwa sasa nimewaomba jambo moja tu: watoe gurudumu la mbele wachungulie skrubu ya kutolea upepo imetazama wapi. Mmoja tayari ameniambia hakupenda alichokiona.

Msinipigie simu. Jibuni kwa maandishi.

Wako,
Mteja na mwenye gari, ambaye jina lake liko kwenye logibuku, kwenye risiti na kwenye kadi yenu ya kazi.

Viambatisho: risiti na kadi ya kazi, picha za kalipa na diski zikiwa bado kwenye gari, stakabadhi ya lori la kubebea gari, nakala ya barua pepe yenu ya "uchunguzi".