Mvutaji sigara apewe tiba badala ya mahubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna tunavyowaasa wavutaji wa sigara. Kila inapofika tarehe 31 Mei, Siku ya Kutovuta Tumbaku Duniani, kurasa za magazeti hujaa orodha za maradhi na picha za mapafu yaliyoungua, kisha kesho yake mjadala hufungwa hadi mwaka mwingine. Mimi nilivuta kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote sikukutana na mvutaji asiyejua kwamba sigara inamdhuru. Nilichokosa ni mtu wa kunieleza nitaiachaje.

Madhara yenyewe hayana ubishi tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha nchini Uingereza utafiti wao kuhusu uvutaji na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na aliacha hata kabla kazi hiyo haijakamilika. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni moyo. Kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, mishipa hubanwa, damu huganda kwa urahisi, na hayo huanza muda mrefu kabla ya saratani kujitokeza. Wengi wetu hujiliwaza kwa kupunguza idadi, lakini anayevuta sigara moja kwa siku hubaki na kati ya theluthi na nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo inayomkabili anayevuta ishirini. Hesabu hiyo ningeijua mapema, nisingepoteza miaka miwili nikijisifu kwamba navuta tatu tu.

Kwa nini basi mtu anayeyajua haya haachi? Nikotini huufikia ubongo ndani ya sekunde zisizozidi ishirini baada ya kuvuta, na ubongo uliozoea kupata burudani hiyo mara kadhaa kila siku hauiachi kwa kukaripiwa. Arosto yake, yaani taabu ya mwili kuikosa nikotini, huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufikia kilele katika siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Mtu hukosa usingizi, hushindwa kutulia mahali pamoja na hukasirishwa hata na mlango uliofungwa kwa kishindo. Mke wangu, aliyekuwa adui mkubwa wa sigara zangu, siku ya tatu aliniomba nivute moja ili nyumba ipate amani. Simlaumu, kwani hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote na kwamba kila wimbi la hamu hupita baada ya dakika chache.

Tiba ipo, nayo si siri. Vibandiko na chingamu za nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Wapo wanaodai kuwa huko ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine, hoja ambayo naiona dhaifu, kwa sababu kibandiko hutoa nikotini polepole bila lami wala moshi, na kipimo chake hupunguzwa hadi mtu asihitaji tena. Kutumia kibandiko pamoja na chingamu husaidia zaidi kuliko kutegemea kimoja. Mwezi Julai 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo wa tiba kwa watu wazima, unaopendekeza pia vareniklini, bupropioni na sitisini, zikiambatana na ushauri. Dawa hizi zisinunuliwe kwa kubahatisha, kwani bupropioni, kwa mfano, haimfai mwenye kifafa.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Katika kliniki niliyokuwa nikihudhuria kwa ajili ya shinikizo la damu, niliulizwa kila mara kama navuta, jibu likaandikwa, nasi tukaendelea na mengine. Dakika tatu za ushauri kutoka kwa mhudumu wa afya huongeza idadi ya wanaoacha, na mimi sikuzipata hata mara moja. Niliacha katika jaribio la tano, baada ya muuguzi mmoja kunisaidia kupanga siku ya kuanza na kunitaka nirudi kila wiki, hata kama ningekuwa nimeteleza.

Wala umri si kisingizio. Matokeo ya miaka 50 ya utafiti wa Doll na wenzake kwa madaktari wa kiume wa Uingereza, yaliyotolewa mwaka 2004, yalionyesha kuwa aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea takribani miaka 3 ya kuishi, wa 50 miaka 6, wa 40 miaka 9 na wa 30 miaka 10.

Nakuomba, Ndugu Mhariri, Mei ijayo utenge ukurasa ambamo wauguzi na wafamasia watajibu maswali ya wanaotaka kuacha. Swali la kwanza liwe la siku ya tatu.

Mvutaji mstaafu
(Jina limehifadhiwa)