Mpwa wangu, katika filamu yako bia analipa nani?

Mpwa wangu,

Maneno ya watu tangu uionyeshe filamu yako pale Shangani, Mtwara, yamenifikia. Picha giza. Sauti inakwaruza. Baa moja, meza nne, waigizaji ndugu na majirani. Kuna na mwalimu anayesema unahamasisha ulevi. Huyo mwache, aliondoka kabla ya nusu.

La sauti wana haki. Jenereta likimeza maneno, mtazamaji hana habari na mfuko wako. Giza lakini nimelipenda. Baa za Mikindani usiku ndivyo zilivyo, balbu moja juu ya kaunta, na kwingine unaona mikono na chupa tu. Na yule binti mhudumu anayefungua bia ya pili mteja hajaagiza! Wahudumu wenyewe waliokuja kutazama waliangua kicheko. Mimi kicheko chao nakiamini kuliko uchambuzi wowote.

Kinachoniuma mimi niliyekaa kaunta hakuna aliyekitaja. Dada mwenye baa anapenda, anasalitiwa, analia. Hahesabu. Hatumwoni asubuhi akipanga chupa tupu kwenye kreti akisubiri gari la bia. Na daftari la madeni liko wapi? Mtwara hii, baa isiyo na daftari? Tangu 2007 korosho zetu zinapita stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo, anangoja mnada, kisha anangoja fedha. Wakati anangoja anakunywa kwa nani? Kwa huyo dada. Akimkatalia, msimu huohuo mabibo, yale matunda ya mkorosho, yamejaa mashambani na uraka, pombe yake, unauzwa bei chee, kwa hiyo mteja anahama.

Kumbuka 2018, serikali ilipotangaza itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Watu walianza kunywa siku ileile. Uhakiki wa wakulima ukavuta muda, malipo yakachelewa, na mwenye baa hana wa kumhakiki, anadaiwa pango na mzigo unaisha. Hapo kuna filamu, mpwa, na haihitaji hata kamera ya pili. Huyo mume msaliti ungemtoa kabisa nisingemkumbuka.

Ukiamua kuirudia, pita nyumbani nikuazime daftari langu la zamani. Majina tu ndiyo ubadilishe, maana wengine humo ni wajomba zako na bado hawajalipa.

Mjomba wako