Samaki wa nane

Mwanza, Jumapili jioni

Ndugu yangu Masanja,

Habari za Musoma? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, isipokuwa harufu ya dagaa imegoma kutoka kwenye mashati yangu.

Uliuliza kwenye simu nilipotelea wapi. Baiti saba, ndugu yangu, zilininyima usingizi (baiti moja ni kipande cha data kinachobeba namba 0 hadi 255). Tajiri mmoja pale Mwaloni Kirumba ana mizani ya umeme inayoandika kila samaki kwenye kadi. Si maandishi, ni baiti tupu: nne za muda, yaani sekunde tangu 1 Januari 1970, mbili za uzito kwa gramu, moja ya aina. Nami nikatengeneza strakti, kiolezo cha data cha lugha ya programu ya C, yenye vipengele hivyohivyo, kwa mpangilio uleule, nikaimwagia faili moja kwa moja. Nilijua nitamaliza kabla ya chai.

Wa kwanza akatoka safi: sato, gramu 850. Wa pili amevuliwa mwaka 2097, na aina yake ni namba 143! Wengine hivyohivyo, vurugu tupu, mpaka wa nane. Huyo akatoka safi. Kisha wa kumi na tano.

Hapo ndipo nikakumbuka kuipima strakti kwa sizeof, inayotaja ukubwa wake kwa baiti. Nane! Kompaila, programu inayotafsiri nilichoandika kwa lugha ya mashine, ilikuwa imejazia baiti moja mwishoni ili strakti inayofuata ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. Mizani inaweka saba, mimi nachota nane, kila samaki nateleza baiti moja. Nikishachota mara saba ni baiti 56, samaki wanane kamili wamepita. Yule "wa nane" kwenye kioo kumbe ndani ya faili ni wa tisa.

Najua utasema, si ungeifungasha strakti kwa pragma, lile agizo la kuizuia kompaila isijazie? Nilifungasha, ikakubali. Lakini tajiri akaleta mizani ya pili, ya kiwanda kingine, inayotanguliza baiti kubwa ya namba, wakati ile ya kwanza hutanguliza ndogo. Sangara wa gramu 4,000 akasomeka 40,975. Na hakuna aliyeshtuka, maana sangara wa kilo arobaini wapo! Karani alishashika kalamu. Mwaka 2097 unachekesha, lakini kosa linalofanana na ukweli ndilo lililonitoa jasho.

Sasa strakti siimwagii kitu. Nasoma baiti mojamoja: kwa mizani ya kwanza, baiti ya kwanza jumlisha ya pili mara 256, kwa ile nyingine nageuza. Mistari imeongezeka, sijali. Na pointa ya strakti, yaani kuzivika baiti za watu strakti yangu moja kwa moja, sitaigusa tena, hata uniite mzee.

Limebaki moja: baiti mbili zinaishia 65,535, kwa hiyo sangara akizidi kilo 65 na nusu hivi hatoshei. Nilimwambia tajiri, akacheka. "Huyo akipatikana," akasema, "nipigie simu kwanza, mizani baadaye."

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Kulwa