Mwanangu, usisaini makadirio kabla hujajua kila spea ni ya aina gani

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Namshukuru Mungu wewe na mjukuu wangu mmetoka salama kwenye ajali ile. Picha za makadirio yote mawili ya matengenezo zimenifikia na nimezisoma mstari kwa mstari. Unauliza inakuwaje gereji ya kwanza iandike shilingi 2,900,000 na ya pili 1,700,000, wakati gari ni hiyo hiyo Toyota IST yako na ilikogongwa ni hapo hapo. Mimi maisha yangu ya kazi yamepita nyuma ya kaunta ya spea za bodi pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa hiyo hili tulia nikueleze. Bei ya chini inaweza kuwa ya haki, na inaweza kuwa ya hatari. Jumla iliyoandikwa chini ya karatasi haikuambii ni ipi.

Tuanze na kodi, maana hesabu yake ni fupi. Gereji ya kwanza imeshaweka VAT ya asilimia 18 ndani ya jumla. Ya pili imeandika kwa herufi ndogo kwamba bei ni bila VAT. Ukiiongeza, 1,700,000 inakuwa 2,006,000. Tofauti iliyobaki ni 894,000, na hiyo ndiyo tuitafute.

Sasa angalia karatasi ya pili: "bampa mpya, taa mpya, fenda mpya." Mpya ya nani? Dukani kwetu mteja akiomba taa ya IST namwonyesha za aina kadhaa, na zote zinaweza kung'aa sawasawa. Ya kwanza ni orijino, iliyo kwenye boksi la Toyota na ina namba ya tarakimu kumi. Tarakimu tano za mwanzo zinataja spea yenyewe (bampa ya mbele ya Toyota huanza na 52119), na tano za mwisho zinataja ni ya toleo gani la gari. Ya pili inatoka kwa watengenezaji wale wale wanaoiuzia Toyota, ila iko kwenye boksi la kwao: Koito na Stanley kwa taa, Denso kwa rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Hii usiidharau hata kidogo. Ya tatu ndiyo tunayoiita kopi. Nyingi hutoka Taiwan, na kampuni kama Depo na TYC hutia jina lao wenyewe bila kuficha. Ya nne ni ya mtumba, iliyofunguliwa kwenye gari lililovunjwa Japani, na kwa kweli hiyo ni orijino iliyotumika. Halafu kuna feki, ambayo ni kopi iliyovalishwa boksi na jina la mwingine. Kopi ni biashara halali. Feki ni wizi, na Tume ya Ushindani huikamata na kuiteketeza. Mtu asikuchanganyie hizo mbili.

Kwa hiyo mwambie fundi aandike mbele ya kila spea: orijino, kopi au mtumba, na jina la mtengenezaji. Akikataa kuandika, umeshapata jibu lako.

Usidhani nitakuambia ununue orijino kila mahali. Gari lako lina umri wake, na bima nyingi hazikubali kuliwekea gari la umri huo spea mpya za boksi bila kukata kitu kwa ajili ya uchakavu. Fenda ya mtumba kutoka Japani, ambayo haijanyooshwa wala kupakwa puti, ule udongo wa kujazia mabonde, mimi naipenda kuliko kopi mpya. Bati lake ni lile lile la kiwandani na matundu ya bolti yanakaa mahali pake. Ipitishie sumaku taratibu: pale inapolegea au kukataa kushika, chini yake kuna puti. Kopi ya fenda nayo inafaa, ila mara nyingi mwanya kati yake na mlango hauko sawa juu na chini. Ndiyo maana nakusisitiza ijaribishwe kwenye gari kabla haijapigwa rangi. Ikishapigwa rangi hakuna duka litakaloirudisha, hata langu.

Taa ya mbele kulia isomwe kwa makini. Pembeni ya kioo chake, pale chini, pamechorwa jina la mtengenezaji na namba. Piga picha ya ile ya kushoto iliyobaki nzima, kisha taa itakayoletwa iwe na namba ile ile. Ukikosa orijino, ya mtumba yenye kioo kisichofifia ni nzuri, lakini ishike mkononi uikague masikio yake, yale yanayopokea bolti. Mafundi huyaunganisha kwa gundi, na yakiachia barabarani taa inatikisika usiku kucha. Jambo jingine, hakikisha haikutoka kwenye gari la usukani wa kushoto. Sisi na Japani tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo taa zetu huinua mwanga kidogo kuelekea kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Taa ya soko la usukani wa kushoto huuinua kulia, moja kwa moja machoni pa anayekuja. Wewe unasafiri Dodoma hadi Morogoro usiku na malori yale. Hapo sitaki mchezo.

Sasa nifike kwenye kilichonikosesha usingizi. Karatasi ya kwanza ina mistari miwili ambayo ya pili haina kabisa: chuma cha nyuma ya bampa, na sapoti ya rejeta, yaani fremu inayoishikilia. Bampa unayoiona ni plastiki, kazi yake kubwa ni sura. Anayepokea pigo ni kile chuma kilichojificha nyuma yake, kisha miguu ya mbele ya chesesi, iliyoundwa ikunjike kwa mpangilio ili nguvu iishie pale isiwafikie mliokaa ndani. Kwenye picha yako ya tatu bampa imetolewa, na chuma kile kimeingia ndani upande wa kulia, naona kabisa. Fundi wa pili anataka kukiacha kilivyo, au kukipasha moto na kukinyoosha bila kukuandikia. Chuma cha namna hiyo kikipigwa gesi hupoteza ugumu wake. Gari litapendeza, bampa itakaa vizuri, na siku nyingine Mungu apishe mbali, halitawakinga kama lilivyowakinga safari hii. Hapo ndipo hizo laki nane na ushee zilipo kwa sehemu kubwa, na hapo usibane senti. Waombe pia wapime miguu ya chesesi kwa mkingamo, kulia mbele hadi kushoto nyuma na kinyume chake. Vipimo hivyo viwili visipolingana, gari limepinda.

Umelalamika kwamba gereji ya kwanza inakuibia kwa kuandika rangi ya mlango ambao haukuguswa. Hapana, mama, hapo wako sahihi. Gari lako ni nyeupe ya lulu, na rangi hiyo hupigwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, lulu katikati, kisha varnishi ya juu. Fenda ikipigwa peke yake, kwenye jua la saa saba itaonekana imetoka gari jingine. Fundi rangi mzuri huivuta rangi kidogo kidogo hadi mlangoni ili jicho lisione mahali pa kuungana. Ninachotaka uulize ni namba ya rangi: je, wameisoma kwenye kibati cha gari, au wanachanganya kwa macho?

Halafu umeandika kwa kupitia tu, kama jambo dogo, kwamba taa ya eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga abiria, inawaka tangu siku ile na fundi wa pili ameahidi "kuizima." Mwanangu, hiyo haizimwi, inatafutiwa sababu. Toyota nyingi zina vihisio vya mgongano pale mbele, kwenye eneo lile lile lililogongwa. Huenda kipo kihisio kilichoumia au waya uliokatika. Wapo wanaochomoa balbu ya dashibodi na kukurudishia gari likiwa kimya. Utawajua hivi: washa swichi bila kuwasha injini. Taa hiyo lazima iwake kwa sekunde chache kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, mtu ameichezea. Na kama mtu atakuambia mifuko ya hewa ibadilishwe kwa ya mtumba, kataa. Japani yenyewe, kwa sheria ya urejelezaji wa magari iliyoanza kutumika 2005, huitoa au kuifyatua mifuko hiyo gari linapovunjwa. Tena kuna balaa la Takata, kampuni iliyofilisika 2017 baada ya mifuko yake kurushia watu vipande vya chuma. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na joto na unyevu ndiyo hewa yetu huku Dar, ambako spea hizo hukaa stoo.

Kuhusu bima, una bima kubwa, kwa hiyo gari lisiguswe kabla asesa wao, yaani mkaguzi wa hasara, hajaliona. Gereji ikishafungua mbele na kukuta uharibifu uliojificha, itaandika makadirio ya nyongeza. Hilo ni la kawaida, lakini bima iyaidhinishe kwa maandishi kwanza, la sivyo utayalipa wewe. Soma kwenye mkataba wako ekses, yaani sehemu utakayolipa mwenyewe, ni kiasi gani na wanasema nini kuhusu spea za mtumba. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Usiogope kwenda, ofisi hizo zipo kwa ajili yako.

Ushauri wangu ni gereji ya kwanza, lakini uwashushe bei. Fenda na boneti waweke za mtumba safi kutoka Japani badala ya orijino walizoandika. Bampa yenyewe ishonwe ikiwa masikio yake yapo, haina haja ya mpya. Chuma cha nyuma, sapoti ya rejeta na kazi ya eabegi vibaki kama walivyoandika. Nitumie namba ya chesesi, ile inayoanza na NCP, na picha ya kibati cha rangi, nikuulizie fenda na boneti kwa jirani zangu hapa kesho asubuhi. Nikipata nitazituma kwa basi la jioni.

Siku ya kuchukua gari watakupa fomu ya kuridhika uisaini. Usiisaini ofisini. Liendeshe kwanza, liache usukani wake sekunde moja kwenye barabara iliyonyooka uone linavuta wapi, washa taa ukutani jioni, fungua boneti uangalie chuma kile kwa macho yako, na uombe spea za zamani uzione.

Msalimie mumeo, na mbusu mjukuu wangu.

Mama yako