Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii: tuwekeeni masikio msitu wa Pugu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ni mkazi wa Kisarawe. Sio msomi, kazi yangu ilikuwa kubeba mabegi na kuwaonyesha njia watu wa utafiti ndani ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, na humo ndo nilijifunza jambo linalonifanya nikuandikie leo. Nataka kukuombea mnyama mwenye uzito wa kama gramu 60, yaani yai moja la kuku wa kisasa, anaitwa komba wa Rondo. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya dunia ya jamii 25 za nyani na komba zilizo hatarini zaidi, na yuko hapa, jirani na Dar es Salaam, kwenye msitu ambao watu wanapita pembeni yake kila siku na daladala hawajui.

Usiku wangu wa kwanza tulikuwa na mzee mmoja wa kijijini, akatuambia zimeni tochi, zimeni simu, kaeni chini. Tukakaa. Kwanza akalia komba mkubwa, yule anayelia kama mtoto mchanga, huyo kila mtu wa pwani anamjua, ndo yule anayepanda mnazi kuiba tembo, ile pombe ya mnazi, mpaka watu wanasema fulani kalewa kama komba. Baadaye ukaja mlio mwingine mdogo, unapanda halafu unafifia, mzee akatikisa kichwa, sio yeye, huyo ni komba wa Zanzibar. Tukangoja tena sijui nusu saa nyingine, mbu wanatumaliza, mara mzee akanishika mkono akaanza kunigongea kwa kidole kwenye kiwiko, mbili, mbili, mbili, nikaelewa kwamba anafuatisha kile kinacholia juu ya mti. Jozi jozi! Wa Zanzibar anatoa mlio mmoja mmoja, wa Rondo anautoa kwa jozi. Tukawasha tochi tukaona macho mawili mekundu na mkia kama brashi ya kuoshea chupa, akaruka, basi.

Mheshimiwa, kwa macho hawa komba wadogo wanafanana mno, na sauti ilichangia sana mpaka wanasayansi miaka ya 90 wakakubali kwamba huyu ni wa aina yake peke yake. Tembo tunawahesabu kwa ndege, sawa, wanaonekana. Komba utamhesabu kwa ndege gani? Anaishi kwenye vipande vya misitu ya pwani kama Rondo na Litipo kule Lindi, Zaraninge kule Saadani, Pande, na hapa kwetu, na vipande vyenyewe vinaliwa na mkaa.

Sasa hivi kuna rekoda ndogo ukubwa wa kiberiti hivi, zinatumia betri tatu za kawaida na kadi ya memori kama ya simu, bei yake ni kama simu janja ya bei rahisi. Unaifunga kwenye mti, unaipangia irekodi dakika moja kila baada ya dakika kumi kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, unaondoka zako. Ukirudi unaweka kadi kwenye laptopu na sauti inageuka picha, ule mlio wa jozi unauona kwa macho umejipanga wawili wawili. Mpaka popo wa kwenye mapango ya kaolini pale Pugu inawanasa, sauti zao ziko juu sana kuliko sikio la binadamu. Kule Congo Brazzaville kwenye hifadhi ya Nouabalé-Ndoki wameweka rekoda 50 hivi, zinasikiliza tembo wa msituni na pia milio ya bunduki za majangili.

Sidanganyi kwamba rekoda inamaliza kila kitu. Haikwambii kama ni komba kumi au ni mmoja kalia mara kumi, na mchoma mkaa mwenye panga hapigi kelele kama chenso. Ila kama bonde fulani mwaka jana lilikuwa na mlio wa jozi kila usiku na mwaka huu kimya, askari wa msitu anajua pa kwenda kuangalia kabla miti haijaisha.

Ninachoomba ni rekoda kwenye misitu ya pwani, tuanze na hapa Pugu, na sauti zenyewe zibaki nchini mahali mwanafunzi yeyote anaweza kuzisikiliza. Kuna mradi mmoja niliufanyia kazi, jina naliacha, walirekodi wiki nzima wakaondoka na kadi zote, hatukubaki hata na dakika moja, mzee aliyewafundisha mlio hajawahi kuusikia tena kwenye spika. Hiyo iliniuma sana na inaniuma bado.

Na huyo mzee alipwe, Mheshimiwa. Programu ya kompyuta ya kutambua milio kwenye hizo rekodi lazima kwanza ifundishwe na mtu anayejua mlio upi ni wa nani, na wanaojua ni wazee kama yeye. Kumbuka kipunji, yule kima wa Rungwe, wanasayansi walimwona 2003 lakini wenyeji walikuwa na jina lake tayari. Mzee wetu kapita miaka 70 na sikio moja limeanza kusumbua, kila mvua nikienda kumsalimia nawaza bado anasikia kiasi gani.

Karibu Kisarawe, uje jioni kabla giza halijaingia, likiingia tu ndo wakati komba wanatoka. Vaa shati la mikono mirefu kwa sababu ya mbu, nitakuja na mzee.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kisarawe