Amri za majaji zisilale masjala

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimesoma gazeti lenu bila kuwaandikia neno. Habari mliyochapa majuzi kuhusu wafungwa wanaoomba hukumu zao zipitiwe upya imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu aliueleza vyema uamuzi wa mahakama ya juu, akamnukuu wakili, kisha akaishia hapo, kana kwamba jaji akishatia sahihi mfungwa ameshapata haki yake. Sisi wenye ndugu magerezani tunajua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai ya Kenya kinasema kwamba anayehukumiwa kifungo, kama alikuwa amezuiliwa kabla ya hukumu, muda huo lazima uzingatiwe. Mahakama ya Rufaa ilipoketi Eldoret mwaka 2009 ilikumbusha jambo hilo hilo. Mwaka 2018, katika kesi ya raia wawili wa Iran, ikasema wazi zaidi: haitoshi kutamka tu kwamba muda wa rumande umezingatiwa, halafu kifungo kikaanzia siku ya hukumu. Lazima miaka ipungue kweli.

Sasa sikieni yaliyotupata. Mdogo wangu alishtakiwa katika mahakama moja ya hakimu huku Bonde la Ufa kwa kuvunja duka na kuiba. Simtetei, alipatikana na hatia na alistahili adhabu. Lakini alikaa rumande zaidi ya miaka miwili, kesi ikitajwa na kuahirishwa: leo shahidi hayupo, mara nyingine mpelelezi amehamishwa, mara hakimu yuko likizo. Siku ya hukumu hakimu alisema, nami nikisikia kwa masikio yangu, kwamba amezingatia muda aliokaa ndani. Akampa miaka mitano. Karani akajaza hati ya kifungo, jina, kosa, miaka, akagonga muhuri wa tarehe ya siku hiyo. Ile miaka miwili haikuandikwa popote, na gereza halina habari na maneno ya hakimu, linafuata karatasi.

Aliandika ombi kwa mkono akiwa gerezani. Mahakama Kuu ikamsikiliza, jaji akaamuru kifungo kihesabiwe tangu siku aliyokamatwa. Ukiondoa theluthi ambayo Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu, alipaswa kuwa nyumbani mwezi uliofuata. Nikaenda masjala ya mahakama ya hakimu, yaani ofisi inayotunza faili za kesi, nikaambiwa faili bado iko Mahakama Kuu. Kule Mahakama Kuu nikaonyeshwa daftari: faili ilishateremshwa, na sahihi ya aliyeipokea ipo. Nikarudi chini, nikaambiwa aliyepokea yuko kozi. Gerezani, afisa wa kumbukumbu alinifungulia faili ya ndugu yangu nione mwenyewe. Nakala ya amri ya jaji, ile ile niliyoipeleka mimi, ilikuwa imebanwa kwa pini nyuma ya hati ya zamani. Akaniambia, "Mama, nikimwachilia mtu kwa fotokopi, kesho nitafungwa mimi. Niletee hati mpya." Hati mpya hutolewa na hakimu, hakimu hajaletewa faili, na faili haina wa kuulizwa. Niambieni basi, Mhariri, ni nani aliyekuwa akimzuilia ndugu yangu? Jaji ameshaamua, hakimu anasema hajafikiwa na kitu, gereza linasema mikono yake imefungwa, na mtu mzima analala kwenye sakafu ya saruji usiku baada ya usiku bila sheria yoyote ya nchi hii inayotaka alale pale! Muhula mzima wa shule ulikwisha kabla hajatoka. Karo ya wanawe nililipa mimi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mahakama hizi za chini si viziwi siku zote. Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu, mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima kwa kosa la mauaji. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu nao wakaanza kuomba, na wengine walisikilizwa. Julai 6, 2021, mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Hapo habari ilifika upesi, na maombi ya wizi wa mabavu yakaanza kutupwa. Sina ugomvi na hilo, maana Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinazifunga mahakama nyingine zote kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu. Ninachouliza ni kwa nini uamuzi wa kumnyima mfungwa unakimbia, na wa kumpa unatembea kwa magongo.

Na hizi dhamana je? Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka masharti yasiyozidi kiasi. Ndugu yangu alikuwa mbeba mizigo sokoni, akadaiwa shilingi laki moja pesa taslimu, au mdhamini mwenye hati ya shamba. Sisi tunaishi nyumba ya kupanga. Mwenye shamba akishtakiwa kwa kosa hilo hilo analala kwake hadi siku ya hukumu, ilhali asiye nalo anaanza kutumikia kifungo kabla ya kuhukumiwa, kisha hakihesabiwi.

Nataka hati ya kifungo ibadilishwe. Juu kabisa, kabla ya jina, pawe na tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kifungo kuanza. Hakimu aijaze kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino mwekundu, kabla hajainuka kitini. Gereza likiletewa mtu mwenye hati isiyo na tarehe hizo, limrudishe kwa gari lile lile lililomleta. Na kila amri ya Mahakama Kuu iandikwe chini jina la karani atakayeipeleka na siku ya mwisho ya kuifikisha.

Ndugu yangu yuko nyumbani sasa. Katika chumba alicholala amewaacha wawili wenye amri za jaji kama yake, na mmoja wao hana mtu wa kumfuatilia faili. Huyo nitamfuatilia mimi kuanzia Jumatatu.

Msomaji wenu,
Free Area, Nakuru